Chaji ya Roboti Mdogo

Mimi huchaji na kutengeneza simu hapa senta ya Maliba, chini ya milima ya Rwenzori, ndiyo maana Chibi-Robo alinikaa moyoni upesi kuliko mashujaa wa gemu za bunduki. Ni roboti wa gemu ya video, wa sentimita 10 hivi, anayeburuta waya na plagi yake kila aendako. Kila hatua inakula chaji, na ikiisha kabla hajafika kwenye soketi, anaanguka palepale. Wateja wangu wanaoshuka milimani na simu zilizozima wanaijua shida hiyo.

Gemu yenyewe ilitengenezwa na kampuni ya Skip ya Japani, ikatoka mwaka 2005 kwa mashine ya GameCube ya Nintendo. Siku za mashine ile zilikuwa zinayoyoma, na gemu ikapita kama mgeni asiyepewa kiti. Kuna buibui wa chuma wa kupigana nao, sawa, lakini kazi hasa ya shujaa ni kusugua madoa sakafuni kwa mswaki na kutupa taka pipani. Anahudumia nyumba ya akina Sanderson: baba hana kazi na bado ananunua midoli, mama amechoshwa na gharama hadi anadai talaka, na binti yao Jenny amevaa kofia ya chura, analia kama chura badala ya kusema.

Kinachonisumbua ni pointi. Doa likifutika, roboti anapewa pointi za furaha, nazo zinampandisha cheo kati ya roboti wenzake duniani. Je, wema unaohesabiwa bado ni wema? Kanisani kwetu majina ya waliochangia mabati husomwa kwa sauti, pamoja na kiasi. Nimeona mtu akiongeza noti baada ya kusikia jirani yake ametajwa. Na Mathayo sura ya 6 ilishakataza kuipigia sadaka tarumbeta! Katekista wetu hujibu kwamba bila majina paa lisingekamilika. Hapo yuko sahihi. Mvua ya Rwenzori haingoji mtu atakase nia yake.

Lakini ukicheza kwa muda, jicho linahama kutoka kwenye pointi kwenda kwenye chaji. Pointi zinaonyesha alichopata, chaji inaonyesha alichotoa. Doa la mbali laweza kumwangusha njiani, na pointi zake ni zilezile kama za doa lililo kando ya soketi. Yule mjane wa Marko sura ya 12 alipimwa hivyo: kwa kilichobaki mkononi, si kwa kilichoingia sandukuni. Vivyo hivyo mtawa Teresia wa Lisieux, aliyefariki mwaka 1897 akiwa na miaka 24, alifundisha utakatifu wa mambo madogo ya kila siku, na mwaka 1997 Kanisa likamtangaza Mwalimu wa Kanisa.

Huku kwetu yuko bibi mmoja anayezoa tope kwenye kisima chetu alfajiri, kwa jembe lenye mpini uliovunjika, na magoti yake ni mabovu. Sisi tunachota maji safi saa moja asubuhi bila kuuliza. Jina lake halimo kwenye orodha ya mabati, kwa kuwa hana fedha.

Katekista, soma majina, paa tunalihitaji. Kiasi kiache.