Uzuri na Hatia katika "Merikebu ya Watumwa" ya Turner

Mnamo 1840, mchoraji Mwingereza J. M. W. Turner alionyesha katika Royal Academy, London, picha ya merikebu ya matanga inayokabiliwa na tufani huku wafu na mahututi wakitoswa baharini. Wahakiki wengi huihusisha na kisa cha Zong cha 1781, ambapo Waafrika wapatao 130 walitoswa, kisha wenye chombo wakadai fidia ya bima kana kwamba waliopotea ni shehena. Mtumwa aliyekufa kwa maradhi hakulipiwa. Aliyetoswa kwa kile kilichoitwa dharura alidaiwa fidia.

Je, ni halali kuiita picha kama hii nzuri? John Ruskin, katika juzuu ya kwanza ya Modern Painters (1843), aliisifu mno kwa jinsi ilivyoichora bahari, lakini utumwa akautaja katika tanbihi tu. Paul Gilroy, katika The Black Atlantic (1993), ameuhoji ukimya huo. Hata hivyo, kumlaumu Ruskin peke yake hakutoshi. Kila tunapoichambua fani kwanza na kuyaacha maudhui yangoje sura ya mwisho, nasi tunaandika tanbihi ile ile.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuukataa uzuri wenyewe. Makala haya hayakubaliani nao. Jicho la mtazamaji huvutwa kwanza na nuru iliyo katikati na wekundu wa mawimbi. Merikebu iko mbali, upande wa kushoto. Ndipo linapoteremka pembeni kulia na kukuta mguu wenye pingu miongoni mwa samaki. Wekundu uliomfurahisha sasa anausoma kama damu. Basi fani ndiyo inayomshtaki, kwa kuwa alikwisha kufurahi kabla ya kujua.

Lakini mashtaka hayo yana upungufu. Waliotoswa hawana nyuso. Tunaona viungo tu. Hapo picha inakaribia daftari la bima, lililowajua watu kwa idadi bila majina. Mhakiki mwadilifu, basi, hana budi kuyasema yote mawili: kwamba uzuri huu ni ushahidi, na kwamba ushahidi huu haujawarudishia waliokufa utu wao. Anayesema la kwanza tu amesoma nusu ya picha.