Maji Usiyoyafika

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo, zikikalishwa kwenye jamvi moja, hazikosi kugombana. Ya kwanza yasema: mtu hujikuna ajipatapo. Ya pili yasema: maji usiyoyafika hujui wingi wake. Ya kwanza humtaka mtu aujue urefu wa mkono wake. Ya pili nayo huchukuliwa na wengi kuwa ni onyo: usijitose usipopajua. Lakini tukiitegea sikio tutaona kwamba methali hii haikukataza safari. Imesema tu kwamba asiyefika hajui. Na kutojua huko kuna pande mbili: anayejigamba kuwa atavuka hajui, na anayemcheka kuwa hatavuka naye hajui.

Kutokana na ugomvi huo ndipo linapozaliwa swali ninalotaka tulitazame. Mtu anayejipeleka kwa hiari yake kwenye umbali asiowahi kuufika, bila ya njaa kumsukuma wala adui kumfukuza, je, ni jasiri au ni mwenye kiburi? Na tumhukumu kwa kipi: kwa kuanza kwake, kwa kufika kwake, au kwa jambo la tatu?

Swali hili limeletwa mlangoni kwangu na kijana mmoja wa hapa Songea, mwalimu wa sekondari, mume na baba wa watoto wawili. Kijana huyu hushindana katika triathloni, mchezo mmoja wenye kazi tatu zinazofuatana bila ya mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Umbali ulioingizwa katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000 amekwishaumaliza: kuogelea mita 1,500, baiskeli kilomita 40, mbio kilomita 10. Sasa anautaka ule unaoitwa Ironman 70.3, ambao kwa upande wetu wa Afrika ulifanyika Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Huko huogelewa kilomita 1.9, baiskeli ni kilomita 90, na mbio ni kilomita 21.1.

Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hauna bahari wala ziwa. Mto Ruvuma huzaliwa hapa jirani, katika milima ya Matogoro, lakini hapa ni mtoto. Utu uzima wake wanauona watu wa Mtwara, unapoingia Bahari ya Hindi. Anayetaka maji ya kuogelea kwa masafa hana budi kushuka hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Kwa hiyo mwalimu wetu baiskeli huizoea kwenye milima ya barabara ya Mbinga, mbio huzizoea alfajiri kabla ya kengele ya shule, na kuogelea hukufuata mbali, kwa nauli yake, siku za likizo. Aliponiuliza, "Mzee, ninafanya jambo la maana au ninaikimbia nyumba yangu?", nilimwomba muda. Jibu langu ndilo hili.

Kwanza tukumbuke kwamba umbali wa mashindano haukuteremshwa kutoka mbinguni. Kilomita 42.195 za marathoni zilitokana na Michezo ya London ya mwaka 1908, mbio zilipoanzia kasri la Windsor na kumalizikia mbele ya jukwaa la familia ya mfalme. Triathloni ile ndefu kuliko zote mashuhuri ilizaliwa kisiwani, jambo ambalo wasomaji wa visiwani watalipenda: ilikuwa Oahu, Hawaii, mwaka 1978, baada ya wanamichezo kubishana ni nani kati yao mwenye pumzi zaidi. Wakaunganisha safari tatu zilizokuwapo kisiwani pao. Watu 15 walianza, 12 wakamaliza. Basi kipimo ni desturi ya watu, kama mizani ya shairi ilivyo desturi ya watu. Lakini desturi ikishakubaliwa hugeuka kuwa hakimu. Hakuna aliyelazimishwa kutunga kwa mizani kumi na sita. Ila aliyesema atatunga, mstari wake wa kumi na tano haumfichi.

Sasa tutazame ule umbali mpya wenyewe, kwani ndani yake mna hila. Kutoka mita 1,500 hadi 1,900 majini ni nyongeza ya mita 400 tu. Muogeleaji hutoka majini akasema moyoni, kumbe ni haya haya! Lakini baiskeli imekwishapita maradufu, na mbio nazo zimepita maradufu. Kazi ya kwanza humdanganya mtu, ya pili humkopesha, na ya tatu ndiyo hudai. Aliyetumia nguvu zake kwa israfu katika kilomita ya ishirini ya baiskeli haoni hasara papo hapo. Hasara humngoja kwenye kilomita ya kumi na tano ya mbio. Kwa hiyo umbali mpya si umbali wa zamani uliorefushwa. Ni kitu kingine, na humtaka mtu mwingine.

Tunaye shahidi mkubwa wa jambo hili. Filbert Bayi, mwaka 1974 huko Christchurch, aliivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Namna yake ilijulikana: kutangulia tangu mwanzo na kuwaacha wengine wamfukuze. Mwaka 1976 milango ya Olimpiki ya Montreal ilifungwa na mgomo wa nchi za Afrika. Alipofika Moscow mwaka 1980 alishindana katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mbio ambazo sizo zilizompa jina. Akatangulia kama alivyozoea, akawaacha wenzake nyuma sana, na katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampata na kumpita. Bayi alichukua medali ya fedha. Hiyo pamoja na ile ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000, katika Michezo hiyo hiyo, ndizo medali mbili tu za Olimpiki ambazo Tanzania ilikuwa nazo hata baada ya Paris 2024. Hatumtaji hapa kwa kumkosoa. Nani kati yetu ana haki hiyo? Tunamtaja kwa sababu mbio zile zinatufunza kwamba kila fadhila ina urefu wake. Ule ushupavu wa kutangulia ambao kwenye mita 1,500 ulikuwa hazina, kwenye mita 3,000 uligeuka kuwa deni.

Watunzi wanalijua hili bila ya kuvaa viatu vya mbio. Ufundi wa Muyaka bin Haji wa Mombasa ulikuwa katika ubeti unaouma na kuondoka. Mwengo bin Athumani wa Pate, katika Utendi wa Tambuka ambao nakala yake ya kale ni ya mwaka 1728, alitembea beti zaidi ya elfu moja. Mtu akichukua ukali wa shairi la beti tano akautandaza juu ya beti elfu, msomaji atachoka kabla ya vita kuanza. Utenzi huhitaji fadhila nyingine: kukubali ubeti wa kawaida unaovusha habari tu, na kujinyima uhondo leo ili kesho kuwe na pumzi. Nami katika kazi yangu ya kufasiri nimeona kwamba kitabu kirefu hakifasiriwi kwa ari ile ile inayofasiri shairi moja usiku mmoja.

Na maisha je? Kumuuguza mzazi wiki moja ni huruma. Kumuuguza miaka kumi ni huruma pamoja na kitu ambacho hatujakipa jina zuri, kitu kinachofanana zaidi na ratiba kuliko machozi. Subira ya msiba si subira ya ndoa. Kwa hiyo anayekwenda kwenye umbali mpya asidhani kwamba anatakiwa kuongeza tu kile alichonacho. Anatakiwa kuwa mwanafunzi tena, mbele ya watu waliokwisha kumwita bingwa. Hapo ndipo ujasiri na kiburi huachana njia. Mwenye kiburi huupeleka ubingwa wake wa jana kwenye umbali wa leo na kuutaka umheshimu. Jasiri huuvua mlangoni.

Pana pingamizi, nalo nimelisikia kwa wazee wa hapa. Husema: wakulima wetu hupandisha milima kwa baiskeli zenye magunia ya mahindi, wala hakuna anayewavisha medali, basi huku kujitaabisha kwa kucheza si dhihaka kwa wanaotaabika kweli? Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuisukuma baiskeli ile. Lakini taabu ya lazima na taabu ya hiari hazitofautiani kwa jasho. Zinatofautiana kwa mlango. Mwenye gunia hana mlango wa kutokea; akisimama, watoto hawali. Mwenye kushindana anao mlango kila hatua. Kwa kuwa anaweza kuacha, kuendelea kwake kuna maana, na kuacha kwake pia kuna maana.

Mji huu unaijua tofauti hiyo kwa damu. Katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, watu wa Ungoni walikwenda mbali ambako hakuna aliyekupima, wakiwa na ahadi kwamba maji yatageuza risasi. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wao hapa, na mji una jina la nduna mmojawapo aliyeuawa, Songea Mbano. Kila Februari tunawakumbuka, wala hakuna anayewauliza kwa nini hawakujua wingi wa maji yale. Kwani wao hawakuuchagua umbali. Uliletwa nyumbani kwao. Heshima yao haikupungua kwa kushindwa. Basi na tusiwe na pupa ya kumpima mtu yeyote kwa kufika kwake.

Nitaambiwa: na John Stephen Akhwari je? Mwaka 1968 huko Mexico City, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu, alianguka katika marathoni, akaumia goti, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde, watu wengi wakiwa wamekwishaondoka uwanjani. Alipoulizwa sababu alijibu, kwa maana hii, kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza bali kumaliza. Jibu hilo limerudiwa kiasi cha kupoteza neno lake kuu, ambalo si kumaliza. Neno lake kuu ni kutumwa. Alikuwa amechukua amana ya watu, na amana hurudishwa hata kwa kuchechemea.

Mwalimu wetu hajatumwa na taifa. Ametumwa na nafsi yake. Siyo aibu, nafsi nayo ina haki ya kutaka kujua maji yake. Lakini aliyetumwa na nafsi tu, nafsi hiyo hiyo inaweza kumwita arudi, na akirudi hakuna aliyekhiniwa. Mwili wake ni amana pia, na wadai wake wamelala nyumbani kwake. Akifika kilomita ya kumi na tano akaona macho yanaingia kiza, kusimama kwake kutakuwa sehemu ya ujasiri ule ule uliomtosa ziwani. Na kama hawezi kukubali kusimama, basi haendi kuujua umbali. Anakwenda kuukomoa, na umbali haukomoleki.

Kwa hiyo nimemjibu hivi: nenda, ila uende kama mwanafunzi. Zile methali mbili zinaweza kukaa jamvi moja, ikiwa tutakubali kwamba mkono haujui unapofika mpaka unyooshwe, na kwamba kuunyoosha si sawa na kuuvunja. Nauli ya likizo ijayo amekubaliana na mkewe: mara hii watashuka Mbamba Bay wote wanne.