Aliyeuza hisa aliyokuwa akiisifu

KILA hisa inayouzwa sokoni ina watu wawili. Mmoja ameona imetosha, anatoka. Wa pili ameona bado ina kheri, anaingia. Hawaonani wala hawajuani, maana kati yao kuna dalali na mitambo ya soko. Ndiyo maana ni rahisi sana kwa yule anayetoka kujiambia kwamba hana deni lolote kwa anayeingia. Biashara ni biashara, kila mtu ana akili yake.

Lakini vipi kama anayetoka ndiye huyo huyo aliyekuwa akiwashawishi wenzake waingie, au wasitoke? Na vipi kama hakuwa mwongo siku alipoanza kusema, ila imani yake ilimtoka njiani na ulimi ukaendelea na kazi yake? Hili ndilo swali ninaloomba tulitazame leo, ndugu msomaji. Tulitazame kwa mfano ambao hauko mbali nasi.

Wengi wetu tunaikumbuka kampuni ya Acacia kwa sababu ya makinikia. Wachache ndio wanaokumbuka kwamba ilikuwa ni kampuni ya hisa, na kwamba nyuma ya makontena yale pale bandarini Dar es Salaam walikuwapo watu wa kawaida waliokuwa wakihesabu akiba zao. Kampuni hiyo iliingia katika soko la hisa la London mwezi Machi 2010, ikiitwa African Barrick Gold, hisa moja ikiuzwa kwa peni 575. Mwaka 2011 ikaorodheshwa pia katika soko la Dar es Salaam, ingawa biashara yake hasa ilibaki kule kule London. Migodi yake ilikuwa huku kwetu: Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, pamoja na Tulawaka ambao haukudumu nao. Barrick ya Kanada ilibaki na sehemu kubwa ya hisa, ambayo hatimaye ilikuwa karibu asilimia 64. Zilizosalia ziligawanyika baina ya mifuko mikubwa ya uwekezaji na wanahisa wadogo, wengi wao wakiwa Uingereza.

Wanahisa hao hawakupata raha. Mwaka 2011 dhahabu ilipita dola 1,900 kwa wakia moja, halafu mwaka 2013 ikaporomoka. Januari mwaka huo huo wa 2013 mazungumzo ya kuiuza kampuni kwa Wachina yalivunjika. Mwaka 2014 jina likabadilishwa likawa Acacia. Mwaka 2016 dhahabu ikapanda, hisa nayo ikapanda kwa kasi, na waliokuwa wamekata tamaa wakarudi. Wengine ndipo walipoingia kwa mara ya kwanza. Kisha Machi 2017 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha makinikia nje ya nchi. Makinikia hayo yalikuwa yakiiletea kampuni kiasi cha asilimia 30 ya mapato yake. Mwezi Mei ikatoka ripoti ya kamati ya Profesa Mruma, Juni ikafuata ya Profesa Osoro, na Julai likaja dai la kodi, riba na adhabu la dola bilioni 190.

Bilioni mia moja na tisini! Kampuni yenyewe soko zima lilikuwa likiithamini kwa chini ya dola bilioni mbili.

Hapo ndipo mjadala wa wanahisa wadogo ulipopamba moto, na ukiutazama kwa utulivu utaona kwamba hoja za pande zote mbili zilikuwa na akili ndani yake. Wa upande wa matumaini walisema: deni hili halilipiki. Ni zaidi ya mara tatu ya pato la nchi nzima kwa mwaka, kwa hiyo limetajwa ili watu wakae mezani. Dhahabu iko ardhini, haijakimbia. Serikali inahitaji kodi na ajira, na Barrick haiwezi kuiacha mali yake ipotee. Wa upande wa pili wakajibu kwamba kweli dhahabu haijakimbia, lakini kuwapo kwake ardhini na kuifikia ni mambo mawili. Fedha zilizomo katika akaunti zinapungua kila mwezi, makinikia yamekaa, Bulyanhulu ikapunguza kazi mwezi Septemba. Tena wakauliza swali zito zaidi: mazungumzo yanafanyika baina ya serikali na Barrick, Acacia yenyewe haimo chumbani, basi nani anamtetea mwanahisa mdogo?

Sasa chukulia yupo mtu, tumwite Fulani. Alinunua mwaka 2016 hisa ikiwa juu. Mei 2017 akaamka akakuta sehemu kubwa ya akiba yake imeyeyuka. Fulani si tapeli. Lakini kuanzia siku ile anaanza kuisemea hisa. Akisikia mtu anataka kuuza, anamzuia. Akisikia mtu anasitasita kununua, anamwambia bei hii haitarudi tena. Kila habari mbaya ana tafsiri yake nzuri. Mdomo wake umekwisha kuajiriwa na mfuko wake, na mwenyewe hana habari. Inafika Oktoba, inatangazwa rasimu ya makubaliano: dola milioni 300, hisa za asilimia 16 kwa serikali, na kugawana faida nusu kwa nusu. Bei inapanda kidogo. Fulani anausoma ule mpango usiku kucha, na kwa mara ya kwanza moyo unamwambia kwamba mambo haya hayatakwisha karibuni. Asubuhi anauza hisa zake zote. Mchana, akiulizwa na wenzake, anasema: subirini, mambo yanakwenda vizuri.

Je, Fulani amedhulumu?

Kuhusu hisa zenyewe sitachelewa. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilikwisha sema mwaka 1992 kwamba asili ya kununua hisa za kampuni yenye shughuli halali ni kujuzu, na tatizo la kampuni zinazoingiza riba katika hesabu zake lina mjadala wake mrefu ambao si wa leo. Aliyenunua hisa hakufanya kamari kwa sababu tu bei hupanda na kushuka. Hata mahindi ya Kibaigwa hupanda na kushuka.

Swali liko kwenye maneno. Mtume (s.a.w) alikataza najash, nayo ni kule kuipandisha bei au kuisifu bidhaa bila nia ya kuinunua, ili mwingine aingie mkenge. Fulani atajitetea kwamba yeye si mtu wa najash, maana aliyoyasema aliyaamini. Tumkubalie kwa miezi ya mwanzo. Lakini hata katika miezi hiyo alikuwa na jambo moja la kujiuliza ambalo hakujiuliza: kama leo nisingekuwa na hisa hata moja, nikapewa fedha taslimu mkononi, ningeinunua hii kwa bei hii? Kama jibu ni hapana, basi yale hayakuwa maoni, ilikuwa ni sauti ya mwenye duka. Wanazuoni wetu waliliona hili zamani mahakamani. Ushahidi wa mtu anayejivutia manufaa kwa ushahidi wake haupokelewi, hata awe mwadilifu. Hawakusema ni mwongo. Walisema tu kwamba jicho lililowekewa fedha haliwezi kuaminiwa kuona sawasawa.

Imam Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, anasimulia kisa cha sahaba Wathila bin al-Asqa' (r.a). Wathila alikuwa amesimama sokoni, mtu akauza ngamia wake kwa dirham mia tatu. Wathila alighafilika mpaka mnunuzi akaondoka na ngamia. Alipozinduka akamkimbilia akimwita, akamuuliza kama amemnunua kwa ajili ya nyama au kwa kupanda. Mtu akajibu kwa kupanda. Wathila akamwambia kwamba kwato ya yule ngamia ina tundu, ameiona kwa macho yake, na hataweza safari za mfululizo. Mnunuzi akarudi, na muuzaji ikambidi apunguze dirham mia moja. Muuzaji akamgeukia Wathila akamlaumu kwamba amemharibia biashara yake.

Tazama vizuri, ndugu yangu: Wathila hakuwa muuzaji. Hakuwa hata dalali. Alikuwa mpita njia ambaye hakupoteza kitu wala hakupata kitu, na bado aliona kunyamaza kwake ni kosa. Tena lawama aliyoipata ni ile ile anayoipata hadi leo mtu anayesimama mbele ya watu waliokwisha kuipenda hisa yao akawaambia kuna tundu kwenye kwato. Huambiwa ana husuda. Huambiwa anataka bei ishuke ili anunue yeye. Na tuseme kweli, wapo wanaofanya hivyo, na huyo anayeiponda bidhaa ili aipate rahisi ni ndugu wa yule anayeisifu ili aiuze ghali.

Atatokea msomaji aniambie: mfano wako haufanani. Kwato ya ngamia ilikuwa imejificha, ya Acacia ilikuwa hadharani. Dunia nzima ilijua kuhusu marufuku, dai la kodi lilitangazwa, hesabu za kampuni zilichapishwa. Aliyenunua alinunua macho yakiwa wazi. Hoja hii ina nguvu, na mimi naikubali nusu yake. Kama Fulani angekaa kimya, akaona hali, akauza kwa bei ya soko, nisingeona ghishi hapo. Hatari iliyo wazi kwa wote si aibu ya kuficha, na hakuna sheria inayomlazimisha mtu kubaki na mali asiyoitaka. Wala hakuna haja ya kumtafuta mnunuzi usiyemjua ili umhutubie.

Nusu ya pili siikubali. Kilichojificha kwa Fulani si mgodi. Ni Fulani mwenyewe. Wenzake walikuwa wamezisoma zile habari mbaya, lakini walizisoma wakiegemea nasaha yake, wakijua kwamba mtu huyu fedha zake zimo humu humu na bado ana imani. Huo ndio uzito uliokuwa katika maneno yake. Siku aliyouza, uzito ule uliondoka, na hakuna gazeti lililoandika. Kwato yenye tundu ilikuwa ni ile nasaha. Alichotakiwa kufanya ni kidogo tu kwa maneno na kikubwa kwa nafsi: kuwarudia wale wale aliowaambia, awaambie, jamani, nimebadili mawazo, nimetoka, na sababu zangu ni hizi. Anayetaka kubaki abaki.

Kuna jambo jingine katika mjadala ule ambalo mimi linanisumbua kuliko bei. Maneno kama "matarajio" na "hatari" yalitumika sana. North Mara ilitajwa kila siku, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitoa dhahabu kwa wingi bila kutegemea makinikia, ikawa nguzo ya matumaini ya wanahisa. Lakini mgodi ule uko Tarime, na pembeni yake ni Nyamongo. Mei 2011 polisi waliua kwa risasi watu kadhaa waliouingia. Wanakijiji walifungua kesi London, na mwaka 2015 ikamalizika kwa maafikiano nje ya mahakama. Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa ajili ya bwawa lake la topesumu. Kwa mwenye hisa mambo haya yote yalikuwa ni mstari mmoja katika orodha ya hatari: yataathiri bei, au hayataathiri? Mwanahisa ni mmiliki. Hata akiwa na hisa kumi, anamiliki kidogo cha mgodi na kidogo cha bwawa. Ajabu ni kwamba Mei 2019, Barrick ilipotaka kuzichukua hisa zilizobaki kwa kutoa 0.153 ya hisa yake kwa kila hisa moja ya Acacia, wanahisa walipiga kelele kwamba mkubwa anamwonea mdogo. Na kweli alikuwa akimwonea, nami siwalaumu kwa kulalamika. Ila neno dhulma lilikuwa limekaa Nyamongo muda mrefu, nao hawakuwa wamelihitaji.

Kelele zilisaidia kidogo. Julai 2019 Barrick ikapandisha hadi 0.168, na Septemba 2019 Acacia ikaondolewa sokoni. Januari 2020 serikali na Barrick zikatia saini, ikazaliwa Twiga Minerals, serikali ikiwa na asilimia 16. Agosti 2020 dhahabu ikapita dola 2,000 kwa wakia.

Maana yake ni kwamba yule aliyenunua hisa za Fulani siku ile ya Oktoba 2017, akavumilia hadi mwisho, huenda alipata faida, na Fulani aliyekimbia akaikosa. Kuna watakaosema basi hesabu imefungwa, hakuna aliyeumia. Lakini faida ile ilitoka kwenye bei ya dhahabu ya dunia na kwenye mazungumzo ya wakubwa. Fulani hakuijua alipokuwa akisema "subirini", na siku hiyo yeye mwenyewe aliamini kinyume. Hebu fikiria leo wamekutana msikitini baada ya sala ya Ijumaa, Fulani na mmoja wa wale aliowaambia wasubiri. Wanapeana mikono, wanaulizana hali za watoto. Yule mwenzake anamshukuru kwa kumtia moyo wakati ule mgumu, kisha anamuuliza: na wewe uliuza lini?