Kuanzia Saa Nne Hadi Saa Nane: Uchovu wa Kazi na Likizo ya Noeli



Wapendwa vijana, Desemba imeshika kasi, na kama umeajiriwa huenda hali hii unaijua: unaamka umechoka kabla hujafanya lolote. Unafika kazini, unawasha kompyuta, unajibu "sawa bosi", ila moyo haupo. Kazi inafanyika, ndiyo, lakini ni kama kusukuma gari lililoishiwa mafuta. Kitu pekee unachokihesabu kwa bidii ni siku zilizobaki kufika likizo.

Rafiki yangu mmoja, tuliyeimba naye kwaya kabla sijaingia seminari, anafanya kazi kwenye taasisi ya mikopo. Kutwa yuko mtaani anadai marejesho. Majuzi aliniambia, "Frateri, mimi pale nimebaki shati tu." Nikacheka, naye akacheka. Halafu akaongeza kwamba Misa siku hizi haendi, maana Jumapili ndiyo siku pekee anayopata kulala. Hapo hakuna aliyecheka. Ninayoandika hapa naandika nikimfikiria yeye, na wewe unayefanana naye.

Ugonjwa huu ni wa zamani kuliko ofisi. Katika karne ya 4, jangwani Misri, aliishi mmonaki Evagrius wa Ponto, mtu aliyechunguza mawazo ya moyo kama fundi anayesikiliza injini. Alieleza hali aliyoiita kwa Kigiriki akedia, ambayo wamonaki waliihusisha na pepo wa adhuhuri. Alisema pepo huyo humvamia mmonaki kuanzia saa nne na kumzingira hadi saa nane. Na hapa sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati, hatuhitaji kubadilisha chochote, kwa sababu wao walihesabu saa kama tunavyohesabu sisi, kuanzia jua linapochomoza. Ni ile saa nne yako ya chai ofisini, na ile saa nane macho yanapokuwa mazito.

Kinachotokea ndani ya saa hizo Evagrius anakieleza hadi unadhani alikuwa na mtu wake ofisini kwenu. Mmonaki anaona jua haliendi. Anachungulia dirishani, anapima kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Anaanza kuchukia mahali alipo na kazi ya mikono yake. Anaona ndugu zake hawana upendo tena. Akikumbuka kwamba kuna aliyemkwaza juzi, basi hilo nalo linaongezwa. Kisha anawaza nyumbani, anawaza maisha ya zamani, anawaza mahali pengine ambako mambo yangekuwa rahisi zaidi. Sasa toa dirisha, weka simu. Toa jua, weka ile saa ndogo pembeni ya kioo cha kompyuta.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilichukua neno hilo akalichimba zaidi. Kwake akedia si uvivu wa kulala kitandani. Ni huzuni mbele ya jema la kimungu: Mungu anakuita kwenye furaha yake, nawe unaona ni mzigo mwingine. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi usiku na mchana na bado akawa nayo. Anakimbia huku na kule ili asikae kimya akakutana na Mungu, wala na nafsi yake. Wapo wengi hivi, na mara nyingine ndio wanaopewa cheti cha mfanyakazi bora.

Lakini tusikimbilie kumwita kila aliyechoka mdhambi. Soma sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Eliya ametoka kufanya kazi kubwa kupita zote mlimani Karmeli, na mara tu baada ya ushindi anakimbia jangwani, anakaa chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu anafanyaje? Hamhubirii. Anamwacha alale. Malaika anamgusa, anamwonyesha mkate na maji, anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Ni baada ya hapo tu ndipo safari ya siku arobaini kwenda Horebu inaanza. Nimesoma falsafa miaka kadhaa na sijakutana na hoja nzuri kuliko hiyo: mwili kwanza upumzike, maswali makubwa yatafuata. Hata huyo Tomaso, akiorodhesha dawa za huzuni, hakutaja kutafakari ukweli peke yake. Aliweka pia machozi, marafiki, usingizi na kuoga. Kuoga, bana! Mwalimu wa Kanisa.

Kwa hiyo siku mbili za kwanza za likizo, lala. Na kama umelala, umekula, umekaa na watu wako, wiki zikapita na bado giza halitoki, usiishie kuombewa tu. Nenda hospitali uongee na daktari. Hilo halipunguzi imani hata chembe.

Kuna upande mwingine ambao sipendi tuufunike kwa maji ya baraka. Wakati mwingine moyo umetoka kazini kwa sababu kazi yenyewe imemfukuza. Waisraeli walipoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu, Farao aliwaita wavivu, akawanyima majani makavu na hesabu ya matofali ikabaki ileile (Kutoka 5). Mwajiri anayechelewesha mshahara miezi mitatu kisha akalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana ari, ukoo wake ni huo. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu. Kuidai likizo yako kwa heshima ni haki, na hakuna haja ya kuiungamia.

Sasa likizo yenyewe. Tuseme ukweli kuhusu Desemba yetu. Mabasi ya kwenda Moshi yanajaa, wengine wanashuka Mbeya, wengine Bukoba, na ni jambo jema sana, maana kwenda nyumbani ni sala ya miguu. Shida ni kile tunachobeba. Mtu amekopa ili ashuke na gari la kukodi. Anakaa kwa bibi siku nne, na siku hizo zote anaangalia nani ameona picha zake. Mtori unapoa akitafuta pembe nzuri ya kuupiga picha. Grupu la kazini halijazimwa, bosi akikohoa anaitika. Kisha anarudi mjini akiwa amechoka zaidi, mfuko mtupu, anaanza Januari ile yenye siku tisini. Hiyo ilikuwa zamu nyingine tu, isiyo na malipo.

Wagiriki mapumziko waliyaita skholē. Neno hilo likaingia Kilatini, likafika Kijerumani, na Wajerumani wakatuachia sisi: shule. Fikiria! Shule ilianza kama jina la muda ulio huru, muda wa mtu kutazama mambo yalivyo bila kuulizwa yanaleta faida gani. Kupumzika kwa kweli kunafanana na hivyo. Unakaa na babu akusimulie habari uliyoisikia mara sita. Unakaa mbele ya pango la Noeli kanisani nusu saa, simu umeiacha nyumbani, huombi kitu. Kanisa linaadhimisha Noeli kwa siku nane mfululizo kana kwamba ni siku moja, oktava, kwa hiyo hakuna haraka. Kama umekuwa mbali na Misa, wiki hiyo ndiyo mlango. Tafuta padre, ungama, anza tena.

Na kabla hujaketi kula, angalia jikoni. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 haimtaji mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mtumwa na mjakazi, ili nao wapumzike sawasawa na wewe, na sababu inayotolewa ni kwamba nanyi mlikuwa watumwa Misri. Katekisimu nayo (namba 2187) inatutaka tusiwabebeshe wengine mambo yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuitakasa siku ya Bwana. Dada wa kazi aliyeamka saa kumi kuandaa pilau ya Noeli, ataenda Misa ya saa ngapi? Mlinzi wa getini amekula? Sisi tunaolia kwamba ofisini hatuthaminiwi, kuna mtu nyumbani kwetu anaweza kuwa analia hivyohivyo, tena kuhusu sisi.

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa nikirudi Januari si itakuwa yaleyale?" Inawezekana. Wachungaji wa Betlehemu walipewa habari njema wakiwa zamu ya usiku, wakaenda, wakamwona Mtoto, kisha Luka anasema walirudi. Kondoo walikuwa walewale na baridi ileile, ila walirudi wakimtukuza Mungu. Na Eliya, pale Horebu, aliulizwa anafanya nini huko, akatoa malalamiko yake. Akaulizwa tena, akayarudia karibu neno kwa neno. Mungu hakumkemea. Alimrudisha njiani na kazi mpya mkononi, na akamtajia mtu wa kumsaidia, Elisha, ambaye Eliya alimkuta shambani analima. Kwa hiyo nimemwambia rafiki yangu aje tarehe 27, sikukuu ya Mtakatifu Yohane, twende Misa pamoja halafu tukae tuongee. Amesema atakuja akiamka.

Noeli njema.