Kelele Ndani ya Waya

Tukitoka ibadani Azania Front tukaenda hadi Kariakoo, tunawakuta mafundi redio wameinamia meza zao. Redio isiposhika stesheni hunguruma tu. Sehemu ya mngurumo huo haitoki nje. Huzaliwa ndani ya redio yenyewe, kwa kuwa chembe za umeme hazitulii maadamu kuna joto. Mwaka 1928 John Johnson, mtafiti nchini Marekani, alichapisha vipimo vya mtikisiko huo.

Mara nyingi kelele hiyo haidhuru. Lakini mwaka 1983 Leon Chua alibuni saketi ya vipuri vichache ambayo mwendo wake haujirudii. Kwenye kioo cha kupimia, mstari huzunguka upande mmoja, kisha huruka upande wa pili, kama mabawa mawili. Humo kelele ndogo hukua upesi. Saketi mbili zinazofanana zikianza pamoja, punde moja iko bawa la kulia, nyingine la kushoto. Hata hivyo, kelele ikiwa ndogo, umbo la mabawa hubaki, maana umbo hutokana na jinsi saketi ilivyoundwa.

Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20. Baada ya msiba kama huo twauliza: kwa nini huyu alikuwa ametoka, na yule ndiyo kwanza anaingia? Simu moja au chenji iliyochelewa yaweza kumweka mtu ndani au nje. Je, tuna haki ya kuisoma kelele hiyo kama hukumu juu ya marehemu?

Bwana Yesu alipowataja wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kwamba walikuwa waovu kuliko wengine. Aliwaita waliobaki hai watubu.

Toba hiyo inatuhusu. Nani alikuwa wapi dakika ile, si letu kuhukumu. Lakini jinsi tunavyojenga, tunavyokagua na tunavyowatunza wafiwa, hilo ndilo umbo, nalo limewekwa mikononi mwetu. Basi tusiseme "ni mapenzi ya Mungu" ili kukwepa swali la nguzo na saruji, wala tusimwongezee mjane mzigo wa kutafuta kosa la mumewe. Mungu anaujua kila mtikisiko. Sisi hakutupa kazi ya kuutabiri; ametupa jirani.