Amana ya Kivuli

Mwanzoni mwa karne ya 20, kamera ilipoenea katika miji ya Waislamu na wanazuoni wakatakiwa kutoa hukumu, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyepata kuwa Mufti wa Misri, aliandika risala ya kuihalalisha. Hoja yake ilisimama juu ya maneno mawili ya Kiarabu, habs al-dhill, yaani kufunga kivuli. Mpigapicha, kwa hoja hiyo, haumbi sura wala hashindani na Muumba. Anakizuia tu kivuli ambacho tayari kipo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa. Habsi ndiyo jela ya wazee wa pwani, na mzizi huohuo ndio uliozaa mahabusu.

Sheikh alikuwa akijibu swali la uhalali, naye akalimaliza kwa namna yake. Lakini mtu akishasema kifungo, maswali mengine huja yenyewe: ni cha muda gani, ufunguo uko kwa nani, na aliyefungwa ana haki gani. Kwenye simu ya mkononi maswali haya hayana uzito mkubwa, kwa sababu kivuli hakikai ndani hata dakika moja. Hupigwa, hutazamwa, hutumwa au hufutwa. Kwenye kamera ya filamu hulala gizani wiki nzima, pengine miezi, wala hakuna awezaye kukiona, hata yule aliyekifunga. Starehe ya watu wanaorudia kamera za kizamani na kupiga picha za maisha ya kila siku huonekana kuwa starehe isiyomdhuru yeyote. Inafaa iulizwe kama ndivyo ilivyo.

Al Wukair ni mahali pazuri pa kuuliza. Iko kusini mwa Doha, ndani ya manispaa ya Al Wakrah, upande wa bara. Zamani ilikuwa kijiji kidogo; siku hizi ni safu za nyumba za rangi ya mchanga, maduka makubwa, vituo vya mabasi na viwanja ambavyo ujenzi haujaisha. Idadi kubwa ya wanaoishi Qatar si raia, na miongoni mwao wamo Wakenya, Waganda na Watanzania: walinzi, madereva, wauguzi, yaya, walimu. Watu hawa wako pale kwa mkataba, na kila mkataba una tarehe ya mwisho. Jirani wa leo, yule anayekoroga chai ya karak akisimulia habari za mvua ya kwao, mwakani anaweza kuwa Kisumu au Masaka, na kitanda chake kimepata mtu mwingine.

Tuseme kuna dereva kutoka Mombasa anayeishi hapo na amejipatia kamera ya Pentax K1000. Ni kamera iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, chuma kitupu, ambayo betri yake ni ya kipima-mwanga tu. Betri ikifa, kamera inaendelea kufanya kazi. Mkanda mmoja una picha 36. Joto la kiangazi cha Ghuba hupita nyuzi 40, na gari lililofungwa madirisha huwa tanuri, kwa hiyo mikanda yake ameiweka ndani ya friji, kando ya maziwa na pilipili za wenzake. Hapigi minara ya Doha. Anapiga malapa kwenye mlango wa msikiti, kanga iliyoanikwa juu ya waya, mwenzake aliyesinzia akingoja basi. Picha moja kwa siku, siku nyingine hata hiyo hakuna.

Watetezi wa starehe hii husema filamu hufundisha subira. Dai hili lina ukweli, ila limechanganyika na kujisifu. Subira katika Kiswahili ni sifa ya mtu aliyefikwa na jambo asiloweza kulikwepa akalibeba bila ya kupiga kelele. Anayenunua ucheleweshaji ilhali simu iko mfukoni mwake hajafikwa na jambo. Omar Said Bakor, aliyekuwa na studio Lamu, hakutumia filamu kwa kuupenda mwendo wa pole. Alitumia filamu kwa kuwa ndiyo iliyokuwapo. Kuiita subira hali ya aliyechagua kungoja ni kama kuita swaumu hali ya aliyekosa hamu ya kula. Bora kusema kwamba filamu inampa mtu kikomo, na kikomo hulazimisha uchaguzi. Mwenye picha 36 hujiuliza kabla ya kubonyeza kama anakiona kweli kile anachotaka kukifunga. Hiyo ni faida ya jicho. Bado haijawa faida ya maadili.

Dai la pili ni kwamba filamu ni kweli zaidi. Hili ni jepesi kulijibu, na waliolijibu ni mafundi wa pwani wenyewe. Bakor huyohuyo anajulikana kwa picha alizozikata na kuziunganisha chumbani mwake, hata mtu akatokea mahali ambapo mwili wake haukupata kuwapo. Katika studio ya N. V. Parekh huko Mombasa, wateja walikuja kupigwa wakiwa kama wanavyotamani kuonekana. Mfanyakazi wa leo anayesimama kwenye ufukwe wa Doha, minara nyuma yake, miwani myeusi usoni, akatuma picha nyumbani ili mama asiwe na wasiwasi, ni mrithi wao halali. Uongo wa aina hii una huruma ndani yake, na haukungoja simu.

Basi kama tofauti si subira wala ukweli, iko wapi? Iko katika neno moja fupi: futa. Mtu akipigwa picha kwa simu asipoipenda, husema, "Kaka, hebu nione. Ah, hii ifute." Huo ni uwezo mpya katika historia ya kupiga picha. Aliyepigwa amepewa kura baada ya tendo, na mara nyingi kura yake inaheshimiwa. Kwenye filamu kura hiyo haipo. Yule aliyesinzia kituoni, akizinduka na kusikia mlio wa kamera, hana cha kuonyeshwa. Anaweza tu kumwangalia mpigaji na kupima kama ni mtu wa kuaminika. Ridhaa yake, akiitoa, ni ya gizani. Anakubali kitu ambacho hajakiona, na ambacho aliyekishika naye hajakiona.

Sheria ya Qatar inalitazama jambo hili kwa ukali. Tangu marekebisho ya kifungu cha 333 cha sheria ya adhabu mwaka 2017, kumpiga mtu picha bila ya idhini yake kunaweza kuwa kosa la kumfikisha mpigaji jela, ukiacha faini. Wapo wapigapicha wanaoona sheria kama hii inaua picha ya barabarani, ile ya kuotea. Pengine inaiua. Ila yafaa kukumbuka ni nani waliozoea kuotewa. Mwaka 1938 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kikuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi huko Aden, akasafiri nalo hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha katika delta ya Rufiji walikopakia boriti za mikoko, na mwaka 1939 wakarejea Kuwait. Boriti za mikoko ya pwani hiyo ndizo zilizoezekea nyumba za kale za Ghuba, za Qatar zikiwamo. Picha za Villiers ni hazina. Bila ya hizo ukurasa mzima wa maisha ya bahari ungepotea. Nahodha ana jina, na anajulikana hadi leo. Lakini watu wa delta waliokata boriti zile ndani ya matope, ambao bila ya jasho lao jahazi lingerudi tupu, jina la nani kati yao limebaki? Alan Villiers hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpita njia mwenye kamera, na mpita njia hukusanya asichoweza kukirudisha.

Studio za pwani zilikuwa na adabu nyingine. Mteja aliondoka na karatasi, fundi akabaki na negativu, na pande zote mbili zilijua maana yake. Picha ya mwanamke wa nyumba za heshima haikutundikwa dirishani mwa duka. Fundi alikuwa ameshika kitu cha watu. Capital Art Studio ya Unguja, aliyoianzisha Ranchhod Oza na baadaye ikashikwa na mwanawe Rohit, iliendelea kuhifadhi nyuso za mji hata baada ya mapinduzi ya 1964 kuwatawanya wengi wa wenye nyuso hizo, baadhi wakivukia Oman na nchi nyingine za Ghuba. Neno linalofaa hapa ni amana. Amana si mali ya anayeishika, haiuzwi, wala haionyeshwi kwa kujifurahisha, na mwenyewe akija hurejeshewa.

Mtu akilitazama jambo kwa neno hilo, starehe ya dereva wa Al Wukair inabadilika sura. Mkanda wake mmoja huchukua miezi mitatu kuisha. Kisha lazima upelekwe kwa wa kuusafisha, na mtu wa tatu, mgeni kabisa, ataziona nyuso zote kabla ya wenyewe kuziona. Wakati huo wote ameshika vivuli vya watu ambao tarehe zao zinakaribia. Ikiwa yule aliyesinzia kituoni ameshapanda ndege kurudi Kampala siku kumi kabla ya mkanda kusafishwa, picha ile imekuwa ya nani? Mwenye simu angekuwa ameshaituma siku ileile. Kwa hesabu ya kawaida ya ujirani, mwenye simu amemtendea mwenzake vyema zaidi, na mwenye kamera ya kizamani amejipa raha ya kungoja kwa muda ambao si wake peke yake.

Hapa ndipo wapenzi wa filamu wanapopaswa kubanwa, na ndipo pia wanapoweza kujitetea. Picha iliyotumwa siku ileile mara nyingi haina deni tena. Imefika, imewekewa alama ya moyo, imezama chini ya nyingine mia. Anayechelewa anabaki na wajibu. Inambidi atafute namba mpya ya simu, aulize kwa jamaa nani anasafiri kuelekea huko, aitie karatasi kwenye bahasha na kumkabidhi msafiri. Akiyafanya haya, ule ucheleweshaji unakuwa umemfunga yeye kwa mtu aliyempiga. Asipoyafanya, filamu yake ni ukusanyaji tu, na tofauti yake na mtalii ni kwamba yeye anaishi mtaa huohuo.

Hoja hii haimfai anayepiga malapa na kanga peke yake, japo kanga nayo ina mwenyewe na maneno yake husomeka. Inamhusu anayeinua kamera mbele ya uso. Anadaiwa mambo mawili ya kawaida sana: aombe kabla, na aandike jina. Daftari dogo ndani ya mfuko wa kamera, namba ya picha, jina la mtu, na mahali anapotoka. Mafundi wa studio walikuwa na madaftari ya namna hiyo, kwa ajili ya biashara, na kwa ajili ya biashara waliwatendea watu haki ambayo wasafiri wengi hawakuwatendea.

Linabaki suala la siku dereva mwenyewe atakapoondoka. Mkataba utaisha, na mzigo wa ndege una kilo zake. Filamu zilizosafishwa ni nyepesi, zinatosha ndani ya bahasha moja ya plastiki, na nyingi ndani yake ni sura za watu waliotangulia kuondoka. Ile ambayo haijasafishwa haifai kupita kwenye mashine ya mizigo ya uwanja wa ndege, kwa kuwa miale huiunguza. Inambidi amwombe ofisa aikague kwa mkono, aeleze kwa Kiingereza au Kiarabu cha kubabaisha kilichomo ndani, wakati hata yeye hajakiona.