Pishi Moja kwa Kila Kichwa

Mwaka 2000 Idi el Fitri ilitufikia mara mbili. Ya kwanza ilikuja mwanzoni mwa Januari, ya pili mwishoni mwa Desemba, Krismasi ikiwa bado haijapoa. Mwaka unaofuata mwezi ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo kila baada ya miaka thelathini na ushei sikukuu hiyo hupita mara mbili katika mwaka mmoja. Nilikuwa na miaka 14, tukiishi Ngamiani, Tanga. Idi mbili zile zimenifunza kupokea wageni kuliko chochote nilichofundishwa baadaye.

Ya Januari mama aliianza mapema. Tangu kumi la kati la Ramadhani alikuwa ameshakopa mapazia mapya kwa mfanyabiashara wa kutembeza, akaongeza glasi dazeni mbili na zulia la sebuleni. Kumi la mwisho likamkuta usiku anakaanga visheti baada ya tarawehe, asubuhi anafua, mchana anachambua mchele. Wakati huohuo shule zilikuwa zinafunguliwa na sare zetu zilikuwa hazijashonwa.

Kisha ukaja usiku wa kusubiri mwezi. Aliyewahi kuandaa Idi anaujua usiku huo. Mfungo huwa wa siku 29 au 30, na hujui ni ngapi mpaka mwezi uandame. Friji hatukuwa nayo. Ukinunua nyama jioni ya mfungo wa 29 na mwezi usionekane, nyama itakuharibikia. Usiponunua, na tangazo likitoka saa tatu usiku, utakuta buchani pamejaa watu na imebaki mifupa. Mama alikaa na redio mapajani, hela kaifunga kwenye pindo la kanga, mara asimame, mara akae. Tangazo lilipotoka alikuwa ameshachoka, na kazi yenyewe ilikuwa haijaanza.

Saa tisa usiku alikuwa jikoni. Tulitarajia watu zaidi ya 30. Alipika pilau, biriani, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, ndizi za nazi na mikate minne ya sinia. Nazi alizikuna mwenyewe, maana aliona sisi tunazikuna vibaya. Swala ya Idi ilimpita. Wageni walipofika walimchungulia uani, wakampa mkono wa Idi huku kageuza kiganja chenye masizi, wakarudi sebuleni. Walikula, wakasifu sana.

Alasiri nilikwenda uani kumwambia wageni wanaomba maji. Nilimkuta amekaa juu ya mbuzi ya nazi, mwiko mkononi. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimechunika na chicha imeganda kwenye kidonda. Alinitazama kama hanijui. Mwiko ulikuwa unatetemeka, na matone ya mchuzi yalikuwa yakidondoka moja moja juu ya mguu wake bila yeye kushtuka. Mpaka leo nikiukumbuka mguu ule nasikia baridi. Usiku huo tulilala hospitali. Daktari alisema presha imepanda sana, na akamuuliza baba ni lini mara ya mwisho mke wake amelala usingizi wa kutosha. Baba hakuwa na jibu. Siku ya pili ya Idi hiyo ilitukuta wodini.

Deni la mapazia lililipwa mpaka Juni.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Tunaisema methali hii kila siku lakini hatuisikilizi. Inamtaja mwenyeji, na inataka apone: aliyeshinda na upweke apate wa kuzungumza naye, aliyekuwa na jambo zito moyoni apate wa kumtolea, hata kuku aliyekuwa anaonewa huruma achinjwe wote wale. Mgeni ameletwa kama dawa. Katika nyumba nyingi leo, na hasa kwa wanawake, mgeni akija mwenyeji ndiye anayeugua, na tumelizoea jambo hilo mpaka tunaliita ukarimu.

Idi ya Desemba mama aliipanga tangu Shaabani. Aliwaita wifi zake na mdogo wake, akawakalisha mkekani, akawaambia safari hii atapika pilau na kachumbari basi. Shangazi wa Pongwe alete kuku. Mama mdogo alete mikate ya sinia. Jirani yetu Mkristo, aliyekuwa ameomba kuazima masufuria yetu makubwa kwa Krismasi, akasema atayarudisha na sharubati ya ukwaju ndani yake. Nazi zikapewa kaka zangu wawili, na mama akaapa hatazigusa hata zikikunwa na vifuu vyake. Muuza nyama alitafutwa wiki nzima kabla, akakubali kutuwekea fungu letu mwezi ukiandama, na usipoandama tusidaiane. Mapazia yakawa yale yale ya Januari, yamefuliwa.

Shangazi hakupendezwa. "Wifi," alisema, "watu watatusemaje? Idi pilau tupu?"

"Waseme, wifi yangu. Mara ile walikula wakaondoka, sikumwona hata mmoja. Safari hii nataka kuwaona."

Usiku wa kuamkia sikukuu baba alikuwa sebuleni akipima mchele wa fitri. Fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, yaani vibaba vinne, karibu kilo mbili na nusu. Kwetu tulikuwa saba. Mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye kibanda cha kupanga, kila mwenye cha kumtosha na kubaki, kipimo ni hicho hicho, na inatakiwa imfikie mhitaji kabla ya swala ya Idi ili naye apike. Baba alijaza kibaba, akakisawazisha kwa kiganja, akamimina. Kazi nzima haikuchukua nusu saa. Mama alimtazama kwa muda, kisha akasema polepole, "Cha Mungu kina kipimo. Kile changu cha Januari hakikuwa nacho."

Sijasikia maneno yaliyoeleza jambo hili vizuri kuliko hayo. Kinachotutesa katika sikukuu ni kukosa kipimo. Mwenye kuandaa hajui aishie wapi, kwa hiyo haishii. Kila sahani ina nyingine inayoidai, kila jirani aliyenunua kapeti jipya anageuka kuwa mdai wako bila yeye kujua. Ibada yenyewe iliyotuletea sikukuu imewekewa kiasi kinachobebeka, halafu sisi tunajitwisha mzigo ambao hakuna aliyetuagiza.

Siku hiyo mama alikwenda kuswali. Pilau alilipalia mkaa juu ya mfuniko akamwachia kaka, na kaka akachelewa kuuondoa, likashika chini. Tulidhani mama atakasirika. Alicheka, akaupakua ukoko kwenye sinia, na wageni wakaugombea. Kisha akakaa nao mkekani, kanga mpya begani, akala. Shangazi, yule yule, ndiye aliyeondoka wa mwisho.

Sasa naishi Dar es Salaam, na mimi ndiye mwenye nyumba. Mzigo umeongezewa sura. Kuna kundi la simu la familia ambamo michango inatajwa kwa majina na aliyechelewa anaonekana na wote. Kuna sare za familia nzima kwa ajili ya picha. Kuna Kariakoo usiku wa mwisho, watu wamebanana, mtoto analia, na bei ya kiatu si ile uliyoiacha juzi. Kuna ndugu wanaofunga na kufungua kwa mwezi uliotangazwa hapa nchini na wengine wanaofuata ulioonekana popote duniani, ikawa nyumba moja inaandaa Idi siku mbili. Hilo la mwisho nimelimaliza kwa kuwauliza mapema: nani atakuja lini? Anayekuja siku yake namkaribisha kwa chakula cha siku hiyo, bila mjadala.

Jirani zangu wanaokwenda Moshi kila Desemba wananisimulia yale yale kwa majina mengine: nauli ya basi, mbuzi wa kuchinja, zawadi za wazee, ada za Januari zinazowangoja wakirudi. Wanaume kadhaa miongoni mwao wameniambia hawalali. Nawaamini, na nawaonea huruma.

Lakini kwa wanaume wa nyumba zetu nina neno. Kutoa hela ya nyama kisha kukaa barazani kusubiri sinia hakutoshi kukufanya mwenyeji. Hela ni sehemu ndogo ya shughuli. Kukumbuka kwamba mjomba hali pilipili, kuhesabu sahani, kujua mkaa umebaki kiasi gani, kufikiria nani alale wapi, hiyo ndiyo kazi inayomnyima mtu usingizi, na haionekani kwa macho. Mwanamume anaweza kuchukua moja ya hizo mwanzo hadi mwisho bila kuulizia kila hatua. Kaka zangu waliokuna nazi wakiwa vijana, leo kila mmoja anajua kupika kwake, na wake zao wanakwenda kuswali.

Mama bado yupo Ngamiani, na dawa ya presha anameza kila asubuhi. Idi iliyopita alinipigia simu wiki tatu kabla. Baada ya kumwamkia na kuulizana hali, aliniambia, "Mwanangu, wewe lete mkate wa sinia. Mmoja tu. Ukileta miwili, mmoja utarudi nao."

Nawe unayesoma, kama mwaka huu sikukuu iko kwako, ya Idi au ya Krismasi, usisubiri wiki ya mwisho. Ita watu wa nyumba yako jioni moja, mkae chini, mtaje idadi ya vyakula na idadi ya wageni, na kabla hamjainuka mjue kwa jina ni nani atakayekuna nazi.